AMANA YA MAMA NA WAJIBU WA BABA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Shukrani zote ni zake, Muumba wa kila kilicho hai. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Mwaka wa 2022 ugonjwa wa surua ulizuka Mpimbwe, katika mkoa wa Katavi, ambao mji wake mkuu ni Mpanda, huko mwisho wa reli itokayo Kaliua. Watoto wengi waliugua, na wako waliokufa. Mtu wa pwani asikiapo habari kama hiyo husema, Inna lillahi, kisha akarejea katika shughuli zake, akidhani kuwa msiba wa bara haumhusu. Lakini surua haijui bara wala pwani. Hupita katika pumzi ya mgonjwa, na humpata asiye na kinga popote alipo. Basi yampasa kila mwenye mtoto ajue kinga hiyo hutoka wapi, na huisha lini.

Mtoto azaliwapo hana silaha yake mwenyewe ya kupigana na surua. Aliyo nayo amepewa na mamake. Katika damu ya mtu aliyewahi kuugua surua, au aliyechanjwa, huwamo kingamwili, nazo ni protini ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zenye umbo mfano wa kijiti chenye panda. Ncha mbili za juu humshika adui, na shina la chini hushikwa na vipokezi, ambavyo ni mfano wa mikono iliyowekwa juu ya seli za mwili, kila mmoja na kazi yake.

Kimoja katika vipokezi hivyo huitwa FcRn, yaani kile cha mtoto mchanga. Mtaalamu wa Uingereza, F. W. R. Brambell, alikisia kuwapo kwake katika miaka ya 1950 na 1960, kabla hakijaonekana. Na mwaka wa 1994 umbo la mwenziwe wa panya likadhihirishwa kwa miale ya eksirei. Kimeundwa kwa minyororo miwili ya protini: mmoja mkubwa, uliopenya ukuta wa seli na kujishikiza hapo, na mmoja mdogo, uliouegemea ule mkubwa.

Na kazi yake ni ya ajabu. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Baina yao pana kondo la nyuma. Seli za kondo humeza majimaji ya damu ya mama, zikayatia katika vifuko vidogo vyenye asidi. Katika ukali ule kipokezi hulishika sana shina la kingamwili. Kisha kifuko huvuka mpaka upande wa mtoto, ambako damu haina ukali. Hapo kipokezi hulegeza mshiko, na kingamwili ikaenda kwa mtoto. Zisizoshikwa husagwa zikapotea.

Tazama basi amana hii. Kipokezi hushika pahali pa kushika, na huachia pahali pa kuachia, wala hakijiwekei kitu. Katika Sura ya Nisaa waumini wameamrishwa kuzirejesha amana kwa wenyewe. Na ndani ya tumbo la mama amri ya Mola hutimizwa usiku na mchana, na mtu mwenyewe hana habari.

Lakini mchukuzi hodari hawezi kuchukua mzigo usiokuwapo. Mama asiyewahi kuugua surua wala kuchanjwa hana cha kumpelekea mwanawe. Tena sehemu kubwa ya kingamwili huvuka katika miezi ya mwisho ya mimba, kwa hiyo mtoto azaliwaye kabla ya wakati hupata haba. Na malaria ikikaa katika kondo, huweza kuupunguza msafara huo. Basi mume amnunuliaye mkewe chandarua, na kumpa nauli ya kwenda kliniki mapema, amewahifadhi watu wawili.

Wala akiba hii haidumu. Katika mwili wa mtu mzima, kipokezi hicho hicho huziokoa kingamwili zisisagwe upesi, na hata hivyo nusu yake huisha katika siku zipatazo 21. Mtoto naye hukua, na akiba ya mamake hupungua mwezi baada ya mwezi mpaka ikaisha. Ndiyo sababu katika Tanzania chanjo ya surua hutolewa mtoto afikapo miezi 9, na tena miezi 18. Ikitolewa mapema mno, mabaki ya kinga ya mama huidhoofisha. Ikicheleweshwa, mtoto hubaki uchi mbele ya adui.

Wako wasemao, "Mtoto yu katika hifadhi ya Mungu, chanjo ya nini?" Hao na wamkumbuke yule bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga, akajibiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Na wako waonao elimu hii kuwa ya kigeni, nao wamesahau kuwa Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Kiislamu aliyefariki yapata mwaka wa 925, aliandika kitabu cha kupambanua ndui na surua.

Mama amekwisha kutoa kilichomo damuni mwake. Katika Sura ya Bakara baba amebebeshwa riziki na mavazi ya mama anyonyeshaye; basi itakuwaje baba ashindwe kuhesabu miezi 9, na kumfikisha mtoto zahanati siku yake? Amana imevuka salama kutoka kwa mama. Sasa imo mkononi mwa baba, naye ataulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wa Waislamu na wa watu wote, bara na pwani, na awape baba zao moyo wa kutimiza amana. Amin.