Chumvi ya Maarib na Madini ya Mwezini



Ndugu zangu katika imani, mimi nimezaliwa Bukavu. Mjomba wangu alichimba koltani kwa nyundo na tochi miaka kumi na mmoja, akarudi na kifua kibovu na nyumba ya mbao. Kwa hiyo mwenzangu wa chumbani, anayesoma uhandisi, aliponiambia kwamba madini ya anga yataondoa umaskini, nilimuuliza: umaskini wa nani?

Kwa sasa biashara hiyo bado iko mbali. Mwaka 2023 chombo cha Marekani, OSIRIS-REx, kilileta gramu 121.6 za udongo na mawe kutoka asteroidi Bennu, kwa gharama ya takriban dola bilioni 1. Lakini sheria zimetangulia. Mkataba wa Anga wa 1967 unakataza dola yoyote kujimilikisha Mwezi. Marekani mwaka 2015 na Luxembourg mwaka 2017 zikaruhusu kampuni kumiliki kile itakachochimba. Jirani yetu Rwanda ilitia saini Makubaliano ya Artemis mwaka 2022, yanayosema kwamba kuchimba peke yake si kujimilikisha.

Mwenzangu akanijibu, "Kwani fiqhi haisemi hivyo hivyo? Kisima ni cha wote, lakini maji niliyoyateka kwa ndoo yangu ni yangu."

Alinibana. Nikamsimulia habari ya Abyadh bin Hammaal (r.a.). Alimwomba Mtume (s.a.w.) machimbo ya chumvi ya Maarib, akapewa. Alipoondoka, mtu mmoja akaeleza kuwa chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, na Mtume akairudisha. Kutokana na hapo wanazuoni wa Kishafii wakatofautisha: madini ya dhahiri, yapatikanayo bila taabu, hapewi mtu mmoja, yaliyofichika, yanayotaka jasho, yana mjadala.

Nakiri, ya mwezini yanataka jasho kweli kweli. Kwa hiyo sisemi kuyachimba ni haramu. Nasema jasho humpa mtu haki juu ya alichokitoa, halimpi haki ya kuwafungia wengine njia. Barafu ya Mwezi imo katika mashimo ya kwenye ncha zake, yasiyofikiwa na jua. Makubaliano ya Artemis yanaruhusu maeneo ya usalama kuzunguka mitambo. Atakayetangulia akilizungushia shimo eneo kama hilo asipite mwingine, huyo ameshika kisima, si ndoo.

Tena, anayeokota rikazi, hazina iliyozikwa zamani, hutoa moja ya tano. Mali ambayo hukuiweka wewe ina haki ya wengine ndani yake.

Mjomba alikuja kuuliza fungu lake shimo likiwa limekwisha chimbwa. Wanafunzi wa sheria, wa uhandisi na sisi wa sharia, tuulize sasa, mashimo ya Mwezi yakiwa bado mazima.

Wallahu a'lam.