KUSITIRI NA KUTOA AMANI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kusitiri aibu za waja wake.

Ama baada ya hayo, liko suali ambalo wengi hulijibu kabla ya kulipima. Mtu akituhumiwa kwa jambo lililoharimishwa, je, yajuzu kumtangaza? Na akikimbia kwa kuichelea roho yake, je, yajuzu kumnyima hifadhi?

Yaliyotokea Uganda yatosha kuwa mfano. Oktoba 2010 gazeti la Kampala liitwalo Rolling Stone lilitoa majina na picha za watu lililodai kuwa wapenda jinsia yao, pamoja na maneno ya kutaka wanyongwe. Watatu wakashitaki, na Januari 2011 Mahakama Kuu ikaamuru kila mmoja alipwe shilingi 1,500,000. Mwezi ule ule mmoja wao, David Kato, akauawa nyumbani kwake. Polisi walitaja sababu nyingine. Lakini nani awezaye kulala salama baada ya kutangazwa hivyo? Februari 2014, siku moja baada ya sheria kali kutiwa sahihi, gazeti jingine likatangaza watu 200. John Abdallah Wambere, mtetezi wa watu hao, aliyekwisha kufichuliwa magazetini, alikuwa Marekani. Akaomba hifadhi, akapewa Septemba 2014.

Ama kitendo chenyewe, hukumu yake kwa wanavyuoni yajulikana. Lakini hukumu ya kitendo ni jambo moja, na kupekua siri za mtu ni jambo jingine. Sura ya Hujurat yakataza upelelezi. Na Sura ya Nur yamwadhibu viboko themanini atuhumuye wenye kujihifadhi asilete mashahidi wanne. Picha ya gazeti si shahidi. Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar aliparamia ukuta akamkuta mtu katika maasi. Yule akamjibu: mimi nimeasi mara moja, nawe mara tatu, umepeleleza, umeingia pasipo mlango, wala hukutoa salamu. Umar akamwacha.

Wako wasemao: kumhifadhi ni kuridhia kitendo chake. Hoja hii haisimami. Katika Sura ya Tawba, aya ya 6, mshirikina aombaye amani apewe, kisha afikishwe mahali pa salama. Hapana dhambi iliyo kubwa kuliko shirki, wala hapana asemaye kuwa kumlinda huyo ni kuiridhia shirki yake.

Nao watu wa Gwarama, Kibondo na Kasulu, huko Kigoma, walijua maana ya mkimbizi walipofikiwa na Warundi mwaka 1993. Mtu hakutakiwa kwanza athibitishe kuwa hana dhambi. Sharti ilikuwa hofu ya kuuawa, na hofu hiyo ni moja kwa kila mwenye roho.

Basi amwonaye mwenziwe katika kosa na amnasihi kwa siri; na akimwona anakimbia upanga, asiwaelekeze wamfukuzao. Hesabu ya moyo i kwa Mola wake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.