Nani Mtoro?

Nilipoanza kazi ya ukarani wa takwimu katika kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo watu wote huiita CTC, neno la kwanza nililokabidhiwa nilikuwa nalijua tangu shule ya msingi: mtoro. Shuleni mtoro alikuwa mwanafunzi aliyejificha kwenye migomba wakati wenzake wamepanga mstari. Kliniki, mtoro ni mtu anayeishi na VVU ambaye alipaswa kuja kuchukua dawa na hakuja. Kila asubuhi nilichapa orodha ya watoro, nikampa mwelimishaji rika, naye akaanza kupiga simu.

Neno hili limetoka mbali. Katika pwani ya karne ya 19, watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao na kwenda kujenga makazi yao porini. Ukiyaweka pamoja matumizi hayo matatu, unaona hukumu ileile: kulikuwa na mahali ambapo mtu huyu alipaswa kuwepo, na kosa la kutokuwepo ni lake. Mtoro haulizwi shule ilikuwaje. Haulizwi bwana alikuwaje. Mimi pia sikuuliza.

Kanuni tuliyoifuata ilikuja na fedha za PEPFAR, mpango wa serikali ya Marekani ulioanza mwaka 2003 na ambao kwa miaka mingi umebeba sehemu kubwa ya huduma za VVU nchini Tanzania. Mtu akipitisha siku 28 baada ya tarehe yake bila kuonekana, anahesabiwa kuwa amekatisha matibabu. Siku ya 28 ni mteja aliyechelewa, siku ya 29 ni hasara kwenye ripoti ya robo mwaka. Ripoti hiyo husomwa wilayani, mkoani, kisha na watu ambao hawajawahi kuiona kliniki yetu.

Kliniki ilikuwa jirani na mwalo, kwenye Ziwa Victoria. Wateja wetu wengi walikuwa wavuvi wa dagaa. Mmoja wao, mwanamume wa makamo niliyemwita kaka, alikuwa ameanza dawa miezi michache tu, kwa hiyo alipewa kopo moja la vidonge 30 kila alipokuja. Mwezi wa tatu hakutokea. Jina lake likaingia kwenye orodha, likashuka siku baada ya siku kuelekea ile ya 28. Tulikuwa wiki ya mwisho ya robo mwaka, na idadi yetu ya waliokatisha matibabu ilikuwa mbaya. Nilimwambia mwelimishaji rika asimwache.

Namba aliyotuachia ilikuwa ya tajiri wake, yaani mwenye mtumbwi. Mwelimishaji rika alifuata utaratibu, hakutaja ugonjwa wala kliniki. Alisema tu kwamba wa hospitali wanamtafuta. Lakini alipiga mara tano ndani ya siku tatu, kwa sababu mimi nilimsukuma. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mtu kama huyu, na kwa maneno ya sheria hatukuivunja. Ila kule kambini watu wanajua kujumlisha. Hospitali inayokutafuta mara tano haikudai pesa ya bandeji.

Alikuja mwenyewe, mwezi ulipokuwa mpevu. Nikamwamkia, nikafungua faili, nikamuuliza kwa nini alikatisha dawa. Hakuwa amekatisha. Vidonge vilipomwishia kisiwani aliazima kwa mwenzake mle kambini, ambaye naye alikuwa anakunywa kwa siri. Kisha akaniambia, bila hasira, "Mdogo wangu, mimi sikutoroka. Mlinipa tarehe ya giza." Akaomba barua ya kuhamia kliniki nyingine, ng'ambo, kwa sababu tajiri alikuwa amemshusha mtumbwini.

Tarehe ya giza. Nimekulia mbali na ziwa, sikujua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri pale ambapo anga halina mwezi. Siku za giza wavuvi wako visiwani, siku za mbalamwezi hupumzika na kurudi kwao. Mwandamo wa mwezi ni siku 29 na nusu. Kopo letu lilikuwa la siku 30. Maana yake, mvuvi ambaye tarehe yake ya kwanza iliangukia gizani angeweza kuendelea kupangiwa giza mwezi baada ya mwezi, hata kwa mwaka mzima au zaidi. Tulikuwa tumetengeneza utoro kwa kalenda, kisha tukamtafuta mtoro kwa simu.

Nilimjazia barua. Kwenye daftari nikaandika: amehama. Robo mwaka ile tulipongezwa, kwa sababu aliyehama hahesabiwi kuwa amepotea. Mtu alipoteza kazi na siri yake mikononi mwetu, na kwenye ripoti yetu alionekana kama kazi iliyofanyika vizuri.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapa kwa kuzilaani takwimu. Sitaki, kwa sababu si haki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kizazi cha wazazi wetu kiliona watu wakipotea hivyo. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Katika miaka hiyo 21, familia nyingi zilizika watu bila hata jina la ugonjwa. Daftari ndilo linalofanya dawa ziagizwe kabla hazijaisha. Bila orodha yangu, kuna watu ambao hakuna ambaye angejua kwamba hawakuja. Kumhesabu mtu ni namna ya kukiri kwamba unamdai yeye na yeye anakudai wewe. Tatizo ni pale ambapo deni linasomwa upande mmoja.

Chukua hesabu ya nchi nzima. Lengo la dunia ni 95-95-95: asilimia 95 ya wanaoishi na VVU wajue hali zao, asilimia 95 ya hao wawe kwenye dawa, na asilimia 95 ya hao wa pili wawe wamefubaza virusi. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kuwa kwa watu wazima Tanzania ilikuwa na 82.7, 97.9 na 94.3. Zisome haraka na utaona ushindi, na kweli ni ushindi. Zizidishe sasa. Kati ya watu 100 wanaoishi na VVU, 76 wamefubaza virusi. Kati ya 24 waliobaki, 17 hawajui kabisa kwamba wanavyo. Hao 17 hawamo kwenye orodha yoyote ya watoro, kwa sababu hawajawahi kupewa tarehe. Huduma inayojipima kwa watu walioingia mlangoni itaendelea kujiona nzuri hata kama mlango wenyewe ndio uliowazuia wengine.

Ndiyo maana naona swali la nani anachagua kipimo ni la kimaadili kabla halijawa la kitaalamu. Mfano mmoja unatoka kulekule zilikotoka fedha zetu. Mwaka 1983, mjini Denver, watu waliokuwa wakiishi na UKIMWI walikutana wakatoa tamko: walikataa kuitwa wahanga, na wakadai nafasi katika kila ngazi ya maamuzi. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyopewa jina la Ryan White, kijana wa Indiana aliyekuwa amefariki miezi michache kabla. Chini ya sheria hiyo, katika miji iliyoathirika zaidi kuna mabaraza yanayopanga vipaumbele vya matumizi ya fedha. Angalau theluthi moja ya wajumbe lazima wawe watu wanaotumia huduma zenyewe, na wasiwe waajiriwa wala washauri wa mashirika yanayolipwa. Yaani waliokataa kuitwa wahanga walipewa kura juu ya bajeti.

Kwetu, kamati za kudhibiti UKIMWI za halmashauri nazo zina viti vya wawakilishi wa WAVIU. Nilihudhuria kikao kimoja cha kupanga. Mwakilishi alikuwepo, mama mwenye miwani. Aliomba kuongea baada ya mpango kuwa umeshachapwa na kugawiwa. Alisema wavuvi wapewe dawa za miezi mitatu mapema, na tarehe zifuate mwezi. Mwenyekiti alimshukuru. Jambo lake likaandikwa kwenye mengineyo.

Kisha ikaja tarehe 20 Januari 2025. Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili kuitathmini. Msamaha kwa huduma za kuokoa maisha ulitangazwa baadaye kidogo, lakini sisi makarani na waelimishaji rika tuliambiwa tubaki nyumbani. Nilikaa nikihesabu siku, mazoea ya kazi. Ilipofika siku ya 29 nilicheka peke yangu. Kwa kanuni yao wenyewe, mtoro sasa alikuwa mfadhili. Na serikali yetu, ambayo tangu 2015 ilikuwa na mfuko wake wa UKIMWI, sisi raia tulikuwa tumewahi kuiuliza tarehe yake ni lini? Binafsi sikuwahi.

Hakuna aliyempigia mfadhili simu mara tano. Mwenye fedha akikosekana tunasema sera imebadilika. Mwenye ugonjwa akikosekana tunasema ametoroka. Kama kuna jambo moja nimelipata katika kazi ile, ni kwamba tathmini ya haki hutumia kitenzi kimoja kwa wote wawili. Kiswahili kinatuwezesha: badala ya "ametoroka" tunaweza kusema "tumempoteza". Ukishasema hivyo, swali linalofuata linakugeukia wewe: tulimpoteza wapi, kwa tarehe gani, kwa saa zipi za kufungua, kwa simu ya nani?

Siku moja, kabla kazi haijasimama, nilichukua kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu, nikazungushia siku za mbalamwezi hadi Desemba. Muuguzi mkuu aliniuliza kama nimeanza uganga. Nikamweleza. Alitazama kwa muda, akavuta lile faili la wavuvi, akaniambia, "Haya, anza kunisomea tarehe zao."

Tulikuta kumi na wanne walioangukia gizani. Kaka yule hakuwa miongoni mwao. Alikuwa ameshahama.