Moshi uliohamishwa haujaondoka

Januari 28, 2003, Rais George W. Bush alisimama mbele ya Bunge la Marekani akaomba dola bilioni 1.2 za utafiti wa magari ya haidrojeni, ili hewa ya nchi yake iwe safi. Katika hotuba hiyohiyo aliitishia Iraq. Haikutimia miezi miwili, mabomu yakaanguka Baghdad. Tangu hapo, nikisikia "nishati safi" huuliza: safi kwa nani?

Ndugu msomaji, sipingi elimu hii. Majaribio yake yalianza na William Grove wa Wales mwaka 1839. Haidrojeni huingia upande mmoja wa seli na oksijeni upande wa pili. Elektroni hupita kwenye waya, umeme ukapatikana, na kinachobaki ni joto na maji. Hakuna moto wala moshi. Wanaanga wa Apollo waliyanywa maji hayo. Na seli hizo hutoa umeme usiku na mchana, maadamu zinalishwa. Zikikosa chakula huzima, kama ilivyokuwa Aprili 1970 tangi la oksijeni lilipopasuka katika Apollo 13.

Basi chakula hicho kinatoka wapi? Sehemu kubwa ya haidrojeni duniani hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe. Kilo moja itokanayo na gesi asilia huacha kiasi cha kilo 9 hadi 10 za hewa ya ukaa kiwandani. Gari linadondosha maji mjini, uchafu umebaki kwa wengine.

Wanazuoni wetu walijadili jambo linalofanana na hili. Mtu akipora maji ya yatima akatawadhia, udhu wake unasihi? Mahanbali wanasema hausihi. Mashafii na wengi wengine wanasema unasihi, ila ana dhambi. Zingatia: hakuna aliyesema kuwa dhambi imeoshwa kwa sababu maji yenyewe ni twahara.

Ataniambia mtu kuwa haidrojeni hupatikana pia kwa kuyapasua maji kwa umeme wa jua au upepo. Ni kweli, na Oman ilianzisha shirika la Hydrom mwaka 2022 kwa kazi hiyo. Njia hiyo ni bora. Lakini zaidi ya nusu ya umeme hupotea mpaka urudi kuwa umeme tena, na kila kilo hutaka angalau lita 9 za maji. Kwa hiyo hata hapo swali la haki ya jirani halikwepeki.

Nisiwanyooshee wengine kidole tu. Msikitini kwetu umeme ukikatika tunawasha jenereta. Miaka mingi nimesali chini ya feni nikimshukuru Mungu. Siku moja nikapita uchochoroni, nikamkuta mama jirani amemfunika mwanawe uso kwa khanga kwa ajili ya moshi wetu. Niliona haya. Tukageuza bomba, likaelekea nyumba ya pili.

Uislamu umekataza kudhuru, haukusema dhara ni halali likihamia kwa asiyelalamika. Kamati imechangisha fedha za zulia jipya. Nimeiomba zulia lisubiri, tununue sola kwanza. Wapo waliokasirika. Nawauliza wao na nafsi yangu: zulia hilo tutalisujudia vipi, na mtoto yule anakohoa nyuma ya kibla?

Wallahu a'alam.