Kipupwe cha Likoni na Miamba Chini ya Gurudumu

Baridi inayomkuta mwendesha pikipiki wa Likoni alfajiri ya Julai imetoka mbali sana. Wakati huo nusu ya kusini ya dunia imelipa jua kisogo. Theluji huanguka kwenye milima ya Lesotho, na hewa nzito hushuka na kujikusanya juu ya Bahari ya Hindi, ng'ambo ya Mauritius na Réunion. Hewa hiyo ndiyo inayosukumwa kuja kwetu ikawa kusi. Ikifika Shelly Beach imeshapita maelfu ya kilomita juu ya maji, imebeba mvuke, na mara nyingine huangusha mchoo, manyunyu yale ya asubuhi yasiyojaza ndoo. Kipupwe chetu ni pindo la majira ya baridi ya watu wengine.

Asili ya yote ni mwinamo. Dunia imeinama nyuzi 23 na nusu katika mzunguko wake, na kwa mwinamo huo jua la Juni na Julai huwa kaskazini mwetu. Tena kuna ajabu ambayo wengi hawajaambiwa: mwanzoni mwa Julai dunia nzima iko mbali na jua kuliko siku nyingine zote za mwaka, kilomita milioni 152 hivi, na mwanzoni mwa Januari hukaribia hadi milioni 147. Hata hivyo, Ulaya wanatoka jasho Julai na kutetemeka Januari. Kilomita milioni tano nzima hazikushinda mwinamo ule mdogo! Na lau usingekuwapo, kusi na kaskazi visingepokezana, wala majahazi yasingejua lini yaende Arabuni na Bara Hindi na lini yarudi. Muumba aliinamisha kidogo tu, na pwani yote ikapata riziki.

Sasa watazame vijana wa bodaboda wakishuka feri. Jaketi wamezivaa kinyume, mgongo mbele na zipu nyuma, upepo usipate pa kupenya. Kipimajoto kinasema nyuzi 21 au 22, lakini kwa mtu aliyelowa manyunyu na anayekwenda kilomita 60 kwa saa, hesabu ni nyingine. Mishipa midogo ya vidole hujibana ili damu moto ibaki kifuani, moyo na ini vikae kwenye nyuzi 37 zao. Hakuna aliyeiamuru mishipa hiyo, wala mwenyewe hana habari. Anachojua ni kwamba vidole vimekufa ganzi kwenye klachi.

Na mlango wa bahari aliouvuka kwa dakika chache? Huo nao ni kazi ya baridi. Yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu ilifunika sehemu kubwa za kaskazini ya dunia na kuyafunga maji mengi mno, hata bahari ikashuka mita 120 hivi chini ya kina chake cha leo. Mito ya bara ikateremka kuifuata, ikichimba mabonde. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikarudi na kuyajaza. Kilindini, Port Reitz, hori la Tudor na lile la Mtwapa ni mabonde ya mito yaliyozama. Meli zinazotia nanga leo zinaelea juu ya njia iliyochimbwa wakati nchi za mbali zilipokuwa zimeganda. Subhanallah.

Safari ninayoipendekeza kwa mwenye pikipiki ya lami na vumbi, yenye gurudumu la inchi 21 mbele, shokamzoba ndefu na tairi za meno, kama zile walizozoea mabwana shamba wetu, huanzia hapo Likoni. Unashika barabara ya Ukunda, unakunja Kombani, unapanda Kwale. Mpaka Kombani chini yako ni matumbawe na mchanga. Matumbawe hayo yalikuwa hai miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa juu mita kadhaa kuliko leo. Baada ya Kombani ardhi inainuka na hewa inabadilika ghafla. Kusi likigonga milima ya Shimba halina budi kupanda, na likipanda linapoa, mvuke wake ukawa ukungu. Kwale iko mita 400 hivi juu ya bahari, na hizo pekee zapunguza nyuzi mbili au tatu. Kioo cha helmeti hufunga ukungu, matone yakaning'inia kwenye usukani, na harufu ya majani mabichi ikaingia puani. Ukungu huo ndio unaoulisha msitu wa Shimba, makao ya palahala, mnyama ambaye Kenya nzima hapatikani porini pengine.

Ukishuka upande wa pili kuelekea Kinango, ni nchi nyingine. Upepo umeshaacha maji yake mlimani. Huku ni mibuyu, migunga na ng'ombe wa Waduruma, na jua linalokausha jaketi kabla hujaivua. Hapa mchanga ndio mwalimu. Penye mchanga mwingi mgeni hubana usukani na kukata mafuta, akaanguka. Mzoefu husimama juu ya vikanyagio, uzito akaupeleka nyuma, akaongeza mafuta kidogo na kuuacha usukani ucheze utakavyo.

Tazama jinsi tulivyoumbwa. Ndani ya kila sikio mna mirija mitatu myembamba yenye maji, kila mmoja umeelekea upande wake, nayo huuambia ubongo kila tunapoinama au kugeuka. Mwendesha pikipiki akitaka kukunja kulia, mkono wake wa kulia husukuma usukani mbele, gurudumu likaelekea kushoto kwa nukta moja, ndipo pikipiki ikalalia kulia. Muulize kijana yeyote wa bodaboda kama anafanya hivyo, atakana. Mwili umejifunza hekima ambayo mwenyewe hana maneno yake.

Kutoka Kinango unatokea Mariakani, kisha unateremka Mazeras. Mawe ya Mazeras, yanayopamba kuta na sakafu za nyumba kote Kenya, ni mchanga ulioganda zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, na ndani yake hupatikana vipande vya miti vilivyogeuka jiwe. Kando kidogo ni Rabai, alikotoka mmisionari Johannes Rebmann mwaka 1848 alipokwenda akaiona theluji ya Kilimanjaro. Wako wanajiografia wa London waliokataa kabisa kwamba barafu yaweza kukaa karibu na ikweta. Wao walikuwa na ramani. Yeye alikuwa ameuona mlima.

Chini ya Mazeras, kuelekea Miritini na Changamwe, udongo ni mfinyanzi. Ukinyeshewa hujaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na hapo unashuka ukauchokonoa kwa kijiti. Usiukasirikie. Udongo huo umetokana na matope ya bahari ya zamani mno, iliyoingia hapa Madagaska ilipokuwa ikijitenga na Afrika, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Ndani ya miamba yake wataalamu wameokota amonaiti, viumbe vya baharini vyenye gamba lililojiviringa, jamaa wa mbali wa pweza na ngisi. Malori ya bandarini yanapita juu yao usiku na mchana.

Ombi langu ni kwa wanaochimba misingi, wanaokata mawe na wanaopita kwa pikipiki njia za Miritini na Mazeras. Ukiona jiwe lenye alama ya gamba lililojiviringa, au kipande cha mti kilichokuwa jiwe, usilipasue wala usiliuze. Liache lilipo, lipige picha, kumbuka mahali, utoe habari Makumbusho ya Fort Jesus. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inayalinda mabaki hayo, na ofisi iko mle mle ngomeni.