Kuona, Kuonyesha na Kuonana

Je, watu wawili wakitazama kitu kimoja, wameona kitu kimoja? Swali hili ni la zamani, na wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi bila kufikia mwafaka. Kwa mwalimu, hata hivyo, ni swali la kila siku, kwani kazi yake yote imesimama juu ya neno moja dogo, "Mmeona?", na jibu linalorudi kwa sauti moja, "Tumeona!"

Nilifundisha elimu ya viumbe kabla ya kukabidhiwa uongozi wa chuo cha ualimu, na chombo kilichonifunza thamani ya jibu hilo ni hadubini. Wanachuo walikuwa arobaini, hadubini moja. Kila mmoja aliinama kwa zamu, akafumba jicho moja, akachungulia utando wa kitunguu, kisha akainuka na kusema ameona. Nilipowaambia wachore walichokiona, wengi walichora seli kama zilivyo kitabuni, pamoja na mistari ya majina. Mmoja alichora duara lenye ukingo mweusi. Wenzake walimcheka, maana kile kilikuwa kiputo cha hewa. Mimi nilimsifu mbele ya wote, kwa kuwa yeye alichora alichokiona, na kosa lake liliweza kurekebishwa. Wale wengine ningewasaidiaje, nami sikujua walichokosa?

Tatizo la hadubini ni kwamba ndani yake hamna nafasi ya kidole. Ubaoni naweza kuelekeza. Kwenye hadubini mwanafunzi yuko peke yake.

Nalikumbuka jambo hili kwa sababu ya chombo kipya kinachoitwa miwani ya uhalisia mseto. Hufungwa kichwani kwa mkanda. Ndani mna vioo vidogo vya picha mbele ya kila jicho, na nje mna kamera. Mvaaji huendelea kuiona sebule aliyomo, lakini juu ya meza ya chai huweza kuona, tuseme, moyo wa binadamu ukidunda, akauzunguka na kuutazama kwa nyuma.

Wataalamu wanahangaika kuifanya isiumize, nao wana sababu. Kwanza, ni nzito. Apple Vision Pro, ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2024, ilikuwa na gramu 600 hadi 650, yaani zaidi ya nusu kilo ya sukari iliyoning'inia usoni. Pili, nafasi kati ya mboni za macho, ambayo kwa mtu mzima ni wastani wa milimita 63 hivi, hutofautiana. Miwani iliyorekebishwa kwa baba humchosha mtoto. Tatu, kitu kinapoonekana kiko karibu, macho hugeukiana kukifuata, ilhali lenzi za macho hulazimika kulenga umbali ule ule mmoja wa kioo. Mvutano huo huleta uchovu na kuumwa kichwa. Nne, picha ikichelewa hata kidogo kufuata mgeuko wa kichwa, kichefuchefu huingia. Na watu wawili wakitaka kuutazama moyo mmoja, miwani zao hazina budi kukubaliana uko wapi mezani, ama sivyo mmoja atauelekezea kidole na mwenziwe ataona kidole kikielekea hewani.

Mjukuu wangu anayesomea kompyuta alituletea miwani ya namna hiyo hapa Tukuyu wakati wa masika, ikapita kichwa hadi kichwa. Bibi yake alilazimika kuvua kilemba. Kila aliyevaa alinyoosha mikono kushika hewa, wengine wakacheka. "Umeuona, babu?" aliniuliza kijana. Jirani yetu mmoja alisema ni kitu kizuri sana, akaivua, akaketi kimya. Siku ya pili mkewe alituambia kwamba alikuwa amesikia kichefuchefu mpaka usiku. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini kwa nini aliyekilalia hakusema? Kwa sababu ile ile ya wanachuo wangu. Hakutaka kuwa yeye tu ambaye hakuona.

Tena, sisi tuliokuwa karibu naye hatukuweza kumsaidia. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini hapa pazia lilikuwapo, tena la upande mmoja: yeye alituona kwa kamera, sisi hatukuyaona macho yake. Watengenezaji wa Vision Pro waliliona jambo hili, wakaweka kioo cha nje kinachoonyesha picha ya macho ya mvaaji. Ni jitihada ya kupongezwa, ingawa picha ya macho si macho.

Sisi Wanyakyusa tuna neno ukwangala, yaani kufurahia kukaa pamoja, kula na kuzungumza na wenzako. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alilipa neno hilo nafasi kubwa katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika. Katika ukwangala mtu hushiriki chakula, na pia huonekana: asiyekula hujulikana, naye huulizwa ana nini.

Ndugu msomaji, miwani hii ikifika vyuoni itasaidia sana, hasa pale ambapo maabara hazitoshi. Ila mwalimu atakayeitumia azingatie haya. Airekebishe kwa kila uso. Zamu ziwe fupi. Picha anayoiona mvaaji ionyeshwe pia ukutani au kwenye televisheni, ili darasa lijue alipo na liweze kumwelekeza. Na kabla ya yote atangaze kwamba kuivua si aibu, na kwamba anayesema "sijaona" amelifanyia darasa kazi. Miwani inayotuonyesha moyo wa binadamu ukidunda mezani, huku ikituficha kwamba jirani anaumwa, bado haijafaa kutazamiwa pamoja, hata ikiwa nyepesi kama unyoya.