Baba Hakumfuata na Feza



Katika Luka 15, baba alimpenda mwana aliyepotea, lakini hakumfuata na feza katika inchi ya mbali. Mwana alisikia njaa, akazingatia moyoni, akarudi mwenyewe.

Sisi wake na mama wa walevi tumefanya kinyume. Tumelipa madeni ya lutuku. Tumedanganya mkubwa wa kazi kwamba mzee anaumwa. Watoto walilala njaa. Tuliita ile upendo, kumbe ilikuwa woga.

Tuache. Tusimtukane, chakula chake kiwe tayari. Lakini deni lake alipe mwenyewe. Akitupiga, tutoke na watoto. Tuombe, tulale usingizi. Mwokozi wake ni Yesu, si sisi. Amina.